Siku Tisa za Kuamua Kama Anyongwe

Mimi ni mtu wa mdomo na sijawahi kuomba msamaha kwa hilo. Sokoni Kisumu ninapouza samaki wananijua. Ukinifunulia samaki wangu wa ngege mashavu mara tatu halafu uondoke bila kununua, utasikia habari za ukoo wako mpaka ufike barabarani. Kanisani pia wananijua, maana miaka tisa nimekuwa mwenyekiti wa kina mama, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba sauti yangu haifiki viti vya nyuma. Kwa hiyo simu ilipolia asubuhi moja nikiwa napara samaki, na msichana mwenye sauti ya upole akasema anatoka ofisi ya probesheni ya korti, anataka kuja nyumbani kusikia maoni yangu, nilicheka. Maoni? Nikamwambia, madam, umepiga mahali penyewe.

Akasema ni kuhusu yule mtu aliyemuua ndugu yangu. Kesi yake inarudi kortini. Hawaangalii tena kama aliua, hilo lilikwisha. Wanaangalia upya adhabu, na jaji anataka kujua familia ya marehemu inasema nini. Familia ya marehemu, kwa kuwa baba na mama tulishawazika kule Asembo, ni mimi.

Kisu kilikuwa bado mkononi, magamba yamenirukia mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Njoo. Njoo hata leo."

Ndugu yangu alikuwa kitinda mimba wetu, mvuvi wa Asembo Bay. Alikuwa amenunua injini ya boti, ya kwanza katika boma letu, na alikuwa akiilinda mwenyewe ufuoni kwa sababu injini huibwa. Wakaja watu watatu. Wawili walitoroka na boti yao. Wa tatu, kijana wa miaka ishirini kutoka upande wa Mbita, alimpiga ndugu yangu kichwani kwa chuma cha nanga. Alikamatwa asubuhi hiyo hiyo, shati lina damu, na injini yenyewe wameidondosha majini, hakuna aliyeipata. Ndugu yangu aliuawa bure. Siku jaji aliposoma kwamba huyo kijana atanyongwa, nilipiga kigelegele pale pale kortini. Askari akanishika mkono akanitoa nje. Nikapiga cha pili nikiwa kwenye veranda.

Baadaye tukaelezwa kwamba hapa Kenya kamba iko kwenye sheria lakini miaka mingi haijanyonga mtu, waliohukumiwa wanakaa tu ndani wakingoja. Sikujali. Kwangu ilitosha kwamba analala akijua na anaamka akijua.

Kwetu, damu ikishamwagika kati ya nyumba mbili, watu wa nyumba hizo hawali pamoja. Ni mwiko. Ukila chakula cha upande ule kabla mambo hayajatakaswa, unawaitia watoto wako balaa. Kwa sababu hiyo, miaka kumi na miwili sijanunua hata kopo moja la omena, dagaa wetu wa ziwani, kule Luanda Kotieno, maana feri ya Mbita inatia nanga pale na samaki wa watu wa kwao huyo muuaji wanashushwa pale. Wenzangu wa sokoni walinicheka, eti samaki ni samaki. Nikawaambia basi wao wale, mimi nina mzigo wangu.

Sasa nieleze habari ya leso, kwa sababu leso ndiyo iliyoniumbua. Kanisani kwetu kina mama huchapisha leso yenye maneno kila mwaka. Mwaka mmoja kila mahali watu walikuwa wakibishana juu ya utoaji mimba, redioni, saluni, hata kwenye matanga, na mimi ndiye niliyepewa somo la kufundisha. Nilisimama nikasema uhai si sukuma wiki, eti uchume ukitaka. Nikasema si wangu, si wako, si wa daktari, si wa serikali. Nakumbuka hilo la serikali nilitia mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimepata moto. Walipiga makofi mpaka nikasahau nilipofikia. Maneno yakachapishwa meusi juu ya manjano: ALIYEULETA UHAI NDIYE ATAKAYEUCHUKUA. Nikanunua leso tatu.

Haikuisha nusu mwaka binti yangu akaja nyumbani likizo. Tunaishi Migosi, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na jikoni. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pili chuoni, anasomea ualimu. Nikaona anakimbia harufu ya samaki. Yawa! Mtoto aliyelelewa na samaki, aliyesomeshwa na samaki, anakimbia samaki? Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nikapekua begi lake, nikapata tembe za kutoa mimba alizokuwa amenunua.

Sikumuuliza swali hata moja. Nilizitupa chooni. Nikachukua simu yake. Kila asubuhi nilipokwenda sokoni nilifunga mlango kwa nje, ule mlango wa chuma, na dirisha lina vyuma, na ufunguo nikautia kifuani. Majirani niliwaambia ana homa ya matumbo, ameambiwa apumzike. Wiki saba. Mwanzoni alilia. Alisema, "Mama, niache nimalize chuo." Alisema mvulana aliyempa mimba amebadilisha namba ya simu. Kila alichosema nilimjibu kwa maneno ya leso, mpaka siku moja akanyamaza. Mimi nikadhani kunyamaza ni kukubali. Nilimfungulia mlango tumbo lilipokuwa limeshaonekana na kila mtu.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akalia siku tatu. Kwetu mtoto akilia hivyo anatafutiwa jina. Unamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na likifika lake ananyamaza. Nilitaja la baba, akalia. Nilitaja la babu, akalia. Nikataja la ndugu yangu, akanyamaza kabisa, akafungua macho. Shangazi mmoja alinung'unika kwamba aliyekufa kwa mkono wa mtu hapewi mtoto jina lake hivi hivi, ni vizuri kwanza wazee waulizwe. Nani angemsikiliza? Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti chini nalia. Ndugu yangu alikuwa amerudi, na amepitia kwenye nyumba yangu.

Tangu siku hiyo sijawahi kumwita mjukuu. Namwita kaka, naye alipojua kusema akaniita sista. Watu wakifika nyumbani wanacheka mpaka wanashika mbavu. Alilala chumbani kwangu tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake akimgombeza, mimi humkata kauli, "Wewe, tangu lini msichana anamkemea mjomba wake?" Huo ndio utani wa kwetu, kila mtu anaujua. Lakini mimi sikuwa natania. Binti yangu hakurudi chuoni, akaingia saluni Kondele kusuka nywele, na anasuka vizuri, sikatai.

Yule wa probesheni alikuja Jumatano alasiri. Msichana mdogo tu, viatu vya kamba, faili kwapani. Nilikuwa nimepika mandazi, na nilikuwa nimejifunga ile leso kama ninavyojifunga kila siku nikiwa nyumbani. Mtoto, wakati huo ana miaka sita, alikuwa nje anacheza. Binti yangu hakwenda saluni siku hiyo, alikuwa jikoni akichemsha chai.

Madam akaeleza. Jaji anaweza kurudisha hukumu ile ile ya kifo, au kifungo cha maisha, au ampe miaka, na kama ni miaka, hii aliyokwisha kukaa itahesabiwa. Akasema amemtembelea gerezani na kuzungumza naye. Akasema huyo mtu amejifunza useremala.

"Hongera zake," nikamwambia. "Aanze na jeneza lake."

Hakukasirika. "Mama, mimi sikuja kumtetea. Nimekuja kuandika tu. Familia ingependa afanyiwe nini?"

"Anyongwe."

"Anyongwe," akarudia akiandika.

"Na uandike kamba wakiikosa waniambie, nitaileta mimi."

Hapo ndipo binti yangu alipoingia na chupa ya chai. Aliiweka mezani polepole. Kisha akacheka, kicheko kifupi ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake.

"Madam," akasema, "uandike na leso."

Yule msichana akamtazama. "Sijaelewa."

"Mama amevaa maneno. Yaandike pia, ili jaji asome yote mawili."

Nikamwona yule madam akishusha macho, akisoma kiunoni kwangu, midomo ikienda. Sijawahi kutamani kuwa uchi mbele ya mgeni isipokuwa siku hiyo. Nilifura. Nikamwambia binti yangu asiniaibishe ndani ya nyumba yangu, nikamwambia huyo mtu ni muuaji, alimpasua mjomba wako kichwa. "Aliye tumboni amemkosea nani? Utawalinganishaje?"

"Mimi silinganishi. Nakukumbusha tu. Uliponifungia mlango hukusema habari ya nani amekosa na nani hajakosa. Ulisema si yetu kuchukua. Nilikuuliza, hata kama? Ukasema hata kama. Nikakuuliza, hata kama nini? Ukasema hata kama chochote."

Aliyasema bila kupaza sauti, mikono imeshika taulo la jikoni. Nami nilikumbuka. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilikumbuka neno kwa neno, na nilikuwa nimesimama wapi nikisema.

Madam akafunika kalamu yake. Akasema hii hataipeleka leo. Atarudi Ijumaa ya wiki inayofuata, sisi tuzungumze, tumpe neno moja la familia. Aliacha chai nusu kikombe.

Siku tisa. Mtu akiniuliza kifungo kikoje, nitamweleza zile siku tisa. Nilikwenda sokoni nikarudi, nikaenda nikarudi, na sikumtukana hata mteja mmoja mpaka wenzangu wakauliza kama ninaumwa. Kila jioni baba mdogo alipiga simu kutoka Asembo. "Wewe ndiye mdomo wetu. Usituangushe. Huyo mtu akitoka leo, kesho atapita mbele ya kaburi la ndugu yako akila muwa." Nikamwambia, baba, nimesikia. Nikamtafuta mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyesoma, nikamweleza kama jambo la jirani. Akanijibu vizuri sana. Akasema asiye na hatia ni mmoja na mwenye hatia ni mwingine, kwamba Mungu huyo huyo aliyekataza kuua ndiye aliyesema amwagaye damu damu yake itamwagwa. Nikatoka pale nimepona. Nikapika ugali na samaki wa mbuta, nikala nikashiba.

Uponyaji huo ulinitosha siku mbili. Siku ya tatu nikiwa napara samaki likanijia. Jibu la yule mzee ni zuri, na hata leo siwezi kusema si la kweli. Lakini halikuwa jibu langu. Nilipokuwa na ufunguo kifuani sikulitumia, maana lilikuwa na sababu ndani yake, na mimi sikutaka sababu iingie kabisa. Nilijua nikisema kuna sababu inayotosha, binti yangu atasema naye anayo. Alikuwa nayo. Chuo, yule mvulana, miaka yake kumi na tisa. Huenda hazikutosha, sijui, lakini nilikataa hata kuzipima. Sasa nimkubalie jaji apime, wakati mtoto wangu mwenyewe nilimnyima mzani? Na nikisema huyo mtu asinyongwe, nitaangaliaje kaburi pale Asembo? Nikigeuka huku, ukuta. Nikigeuka huku, ukuta. Mdomo huu uliponza kichwa chake.

Jumapili nilikuwa nimekaa na mtoto, namchambulia samaki miiba. Uchungu ukanizidi nikamuuliza, "Kaka, tumfanye nini yule mtu aliyekupiga?"

Akaacha kutafuna. "Nani alinipiga, sista?"

"Aliyekupiga kichwa."

Akaweka kijiko chini, akaanza kujipapasa kichwani, nyuma, kando, anatafuta kidonda. Uso wake ulikuwa umeingia hofu kabisa. Binti yangu akatoka jikoni akamshika mikono, akaishusha. "Hakuna aliyekupiga," akamwambia. "Hakuna mtu aliyekupiga hata siku moja." Kisha akanitazama, na mimi, mtu wa mdomo, nikaendelea kuchambua miiba.

Ijumaa ikafika. Leso sikuvaa. Nilivaa gauni la kanisani kama mtu anayekwenda kuzika. Madam akaketi palepale, akafungua faili, akaniuliza, "Mama, familia imesema nini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri lakini yalipotoka yalitoka kama matapishi. "Andika asinyongwe."

Akaandika.

"Na uandike sijamsamehe. Usiniwekee msamaha ambao sina. Akae huko mpaka mvi zimtoke, mimi sina haraka. Lakini auawe, hilo mimi sisemi. Nilishasema mbele ya watu kwamba aliyeuleta ndiye atakayeuchukua. Nilisema hata serikali. Basi, ndiyo hiyo serikali."

"Ni kwa hiari yako, Mama? Hakuna aliyekulazimisha?"

Nilitaka kucheka. Nikamwambia nimejilazimisha mwenyewe, sijui kama fomu yao ina mahali pa hilo. Nikatia sahihi. Machozi yalinitoka bila sauti, maana nilikuwa namwona ndugu yangu waziwazi, amebeba ile injini begani siku aliyoinunua, anacheka, anaita watu watoke nje waone. Nilimwomba radhi moyoni.

Binti yangu alimsindikiza madam mpaka getini. Mimi nilibaki kwenye kochi nikimngoja. Nitasema ukweli wote: nilikuwa nikingoja kusifiwa. Nilidhani atarudi anishike mkono, aone nimelipia maneno yangu kwa kitu ninachokipenda, aone kwamba sikuwa mnafiki, kwamba nilimfungia mlango kwa imani na imani hiyo hiyo leo imenikata mimi. Nilidhani tutalia pamoja mambo yaishe.

Alirudi, akachukua nguo za shule za mtoto kwenye kiti, akaanza kuzikunja.

"Umeridhika sasa?" nikamuuliza. Bado sauti yangu ilikuwa ya juu, sijui kuuliza kwa chini.

"Na nini?"

"Nimesema asinyongwe. Nimesimama palepale nilipokuwa nimesimama."

Akakunja shati, akalilaza juu ya kaptura. "Mama, huyo madam ametembea mara mbili kuja kutuuliza tunataka mtu aliyeua afanyiwe nini. Kabla ya hapo alikwenda gerezani, akaketi na huyo muuaji, akamuuliza yeye mwenyewe. Kila mtu ameulizwa. Mimi niliulizwa na nani?"

Niliufungua mdomo. Nilikuwa na majibu mengi, nimeishi nayo miaka sita, hata hayakuhitaji kutafutwa. Yote yalikuwa ya kumjibu mtu anayebishana, na yeye hakuwa anabishana. Alikuwa anakunja nguo. Nikajisikia vibaya kuliko nilivyojisikia nilipotia sahihi, na nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Ningekuuliza, ungetaka nini?"

Alikunja soksi, moja ndani ya nyingine. Nje mtoto alikuwa anabishana na wenzake juu ya mpira.

"Sijui," akasema. "Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Zile tembe zilikaa kwenye begi langu wiki mbili kabla hujazipata. Kila siku nilizitoa nikazirudisha. Labda ningezimeza. Labda ningekuja mwenyewe sokoni nikwambie, Mama, naogopa, lakini namzaa." Akaziweka nguo mapajani, akazishika kwa mikono miwili. "Na kama ningemzaa hivyo, angekuwa mtoto wangu. Huyu nilikuzalia wewe ndugu yako."